Watatu wa Shaba, Jina Hakuna

Mpwa wangu alikuja mjini kutoka Machakos kupeleka barua ya kuomba atachi, yaani mafunzo ya kazini, katika ofisi moja, na kwa kuwa hajaizoea Nairobi nikamchagulia mahali ambapo mtu hawezi kupotea. "Ukishuka, ulizia Kenyatta Avenue, halafu tafuta wale watu watatu wa shaba waliosimama katikati ya barabara. Kaa hapo, usimfuate mtu yeyote." Nilichelewa dakika arobaini hivi, jamu ya Thika Road ile mnayoijua. Nilipomfikia alikuwa ameshaisoma sanamu pande zote, na hata Kiarabu asichokijua alikuwa amekipiga picha.

"Anko," akaniambia kabla hata ya salamu, "hapa wanasema ukipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Sasa majina yako wapi?"

Tukaizunguka pamoja. Nimepita pale tangu nikiwa na kaptula ya shule, nimepangia watu miadi pale, nimekimbilia pale mvua iliponikuta barabarani, ingawa ukiangalia vizuri hakuna pa kujikinga. Sijawahi kuyatafuta majina. Vita vimetajwa, miaka imeandikwa, mfalme yupo. Jina la mtu aliyekufa, hata moja, halipo.

Nilitaka kumjibu haraka tuwahi ofisini. Nikamwambia vile tunavyowaambia vijana siku zote, kwamba hayo ni mambo ya mkoloni. Jibu hilo lilinikera mchana kutwa, maana nilijua ni la uvivu. Mkoloni aliondoka 1963 na sanamu ikabaki. Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, ambaye barabara ile ile ilibeba jina lake, sanamu yake iling'olewa na kupelekwa kwao, shambani Soysambu. Malkia Victoria wa bustani ya Jeevanjee alivumilia hadi 2015, watu wakamkata kichwa. Hawa watatu hawajaguswa. Nadhani wameachwa kwa sababu bado wanatufanana, na hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Tuanze na kazi yenyewe. Kwenye jukwaa moja wamesimama askari wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, askari wa kikosi cha Waarabu kilichoundwa pwani, na mpagazi. Mchongaji ni Mwingereza James Alexander Stevenson, yule yule aliyewatengenezea watu wa Dar es Salaam askari wao mmoja aliyeinama na singe yake. Ya Nairobi ilizinduliwa 1928. Mimi huwa nasema, na marafiki zangu wachoraji hunikasirikia, kwamba katikati ya jiji hatuna sanamu inayoishinda. Zilizokuja baadaye nyingi zina haraka ya kukuonyesha kwamba mtu huyu ni mkubwa. Hii haina mkubwa. Na lililo gumu zaidi kwa zama zake, imempandisha mpagazi kwenye jukwaa moja na wenye bunduki. Tafuta makumbusho ya vita ya Ulaya ya miaka ile uone ni mangapi yaliyompa nafasi mtu wa kubeba mizigo.

Kwa hiyo mchongaji alijitahidi. Tatizo limo katika maandishi.

Yameandikwa kwa lugha tatu: Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Aliyeyatunga ni mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling. Yanasema kwamba huu ni ukumbusho wa askari wenyeji waliopigana, wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wa wengine wote waliokufa wakimtumikia mfalme wao na nchi yao katika vita vya 1914 hadi 1918. Kisha inakuja ahadi ile iliyomkwaza mpwa wangu.

Miguu na mikono. Nadhani Kipling aliyaandika kwa heshima, na kwa Kiingereza chake yana mvuto. Yasome kwa Kiswahili ukiwa umesimama pale na baiskeli ya maji ya chupa inakupita na kijana anakuuliza kama unataka kiberiti cha gesi, utayasikia kwa sikio lingine. Mtu aliyeitwa miguu na mikono hana kichwa cha kukataa. Hana tumbo, na njaa ndiyo iliyowaua wengi wao pamoja na malaria na kuhara damu. Walilishwa unga wasiouzoea, usioiva, wakiwa safarini. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika vita vya Afrika Mashariki walikaribia laki moja. Walioitikia wito kwa hiari walikuwa wachache. Kufikia 1917 wengi walikuwa wanakusanywa na machifu kama wanavyokusanywa mbuzi wa kodi.

Nimekulia Ziwani, ng'ambo tu ya Kariokor. Tulinunua viatu vya ngozi Kariokor, tukala nyama Kariokor, mama alisukiwa kiondo chake Kariokor. Nilikuwa kidato cha pili mwalimu wa historia aliposema jina hilo ni la kambi ya wapagazi, Carrier Corps, Kiingereza kilichotafunwa na midomo yetu hadi kikawa mtaa, kama Kariakoo ya Dar. Darasa zima lilicheka. Tulikuwa tunaishi ndani ya jina la kikosi kile kizima, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumtaja mtu mmoja aliyekuwamo.

Sasa hili la majina. Mtu anaweza kusema: jamani, watu wale hawakuwa na rekodi, wangeandikwaje? Ni hoja ninayoisikia sana, na ni ya uongo. Kuanzia 1920 serikali hiyo hiyo ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika mtu mzima kubeba kipande, na ndani yake alama za vidole vyake, jina lake, na maelezo ya mwajiri wake, kikiwa kwenye kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Ukikutwa bila kipande, ni kosa la jinai. Miaka minane baadaye, serikali hiyo hiyo ikazindua sanamu isiyo na jina. Jina la mtu lilijulikana vizuri sana alipokuwa anatafutwa kazini. Alipokufa ndipo likawa gumu kupatikana.

Na jina lilikuwa na thamani ya pesa. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, eti hawajulikani waliko. Wahenga wetu walikuwa na msemo wa hali hiyo: asiyekuwepo na lake halipo.

Kipling mwenyewe alikuwa ndani ya tume iliyoundwa 1917 kuwahifadhia makaburi wafu wa dola ya Uingereza. Kanuni ya tume ile ilikuwa nzuri hadi leo: kila aliyekufa aandikwe jina lake, jenerali kwa kuruta, bila kujali cheo wala dini. Mwanawe wa pekee alipotea vitani Ufaransa mwaka 1915, na baba mtu akamtafuta hadi akafa bila kuliona kaburi. Alijua uchungu wa jina lisilo na kaburi. Lakini kwa upande huu wa dunia kanuni ililegezwa, na tukapewa sanamu moja kwa ajili ya wote. Mwezi Aprili 2021 tume hiyo, ambayo sasa inaitwa ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akasimama bungeni London akaomba radhi. Hapa Nairobi tuliisoma habari hiyo kwa simu, tukasema "ni sawa", tukaendelea na foleni.

Hilo ndilo linalonishughulisha kuliko Waingereza. Wao wamesema lao. Sisi tunaopita pale kila siku, mbona haikutushtua?

Kwa sababu tumezoea. Nairobi ni mji unaoendeshwa na watu ambao kila mmoja wetu anawahitaji na hakuna anayewajua. Angalia tunavyowaita. Dereva wa pikipiki ni "boda". Anayekuletea chakula mlangoni ni "rider", na akifika unamtambua kwa rangi ya boksi. Anayejenga ghorofa yako ni "mtu wa mjengo". Anayemlea mtoto wako ni "auntie" mbele yake, na ukiwa na wenzako ni "yule msichana wa kazi". Anayelinda lango ni "soja". Anayebeba gunia pale Marikiti ni "mkokoteni", yaani tumempa jina la kifaa chake. Miguu na mikono. Kipling angetembea mjini leo asingehitaji kubadilisha neno.

Nimkazie macho soja kidogo, maana yeye ndiye mrithi halisi wa wale watatu. Kwa Kiswahili chetu cha Kenya neno askari linambeba mwanajeshi, polisi na mlinzi wa lango kwa pamoja. Huyu wa lango, ukiingia jengo lolote la mjini, ndiye anayekusimamisha. Ana daftari kubwa lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, unakokwenda, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Kalamu imefungwa kwa uzi ili isiibwe, na uzi huwa mfupi kiasi kwamba mtu wa mkono wa kushoto lazima ajipinde. Unaandika kila kitu. Yule aliyeandika kabla yako anaitwa nani, simu yake ni ngapi, unaona yote, na tuna sheria ya kulinda data tangu 2019. Haya, hilo tuliache.

Ninachotaka uone ni mwelekeo wa daftari. Soja anajua majina ya watu mia mbili kwa siku. Watu mia mbili hao hawajui lake. Kampuni yake inamjua kwa nambari. Mamlaka inayosimamia walinzi wa kampuni binafsi nayo, katika miaka hii ya karibuni, imeanza kumpa kila mlinzi aliyesajiliwa nambari yake. Mwishoni mwa 2023 mamlaka hiyo ilitangaza kwamba mlinzi wa Nairobi asilipwe chini ya shilingi 30,000 kwa mwezi, kampuni zikapiga kelele kwamba zitafunga, ukazuka mvutano. Muulize soja wa jengo lenu analipwa ngapi leo. Kama unamjua kiasi cha kumuuliza.

Tuna wengine waliovuka bahari. Wasichana na vijana wanaopanda ndege kwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani na za ulinzi, na baadhi yao wanarudi ndani ya jeneza, au familia inabaki inachangisha pesa za kuusafirisha mwili. Akiwa hai huitwa mleta pesa za kigeni, na wakubwa humsifu kwenye hotuba. Akifa, mama yake anapanga foleni ofisini na picha mkononi akieleza yeye ni nani. Ni hadithi ile ile ya mpagazi, ila kambi imehamia ng'ambo.

Kuna watakaoniambia kwamba Nairobi ina sanamu zenye majina, na ni kweli. Tembea dakika chache tu kutoka kwa wale watatu utamkuta Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, kwenye barabara yake, bunduki mkono mmoja na jambia mkono wa pili. Rais Kibaki alimzindua tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili tangu anyongwe katika gereza la Kamiti. Jina lipo, herufi kubwa. Kaburi ndilo halijulikani. Mjane wake, Mukami, aliomba miaka na miaka aoneshwe mifupa ya mumewe ili amzike, akafariki Mei 2023 akiwa bado anaomba. Ukiendelea hadi Moi Avenue utamkuta Tom Mboya, aliyekuwa waziri, karibu na pale alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38. Jina lipo, heshima ipo. Aliyefyatua risasi alihukumiwa na kunyongwa mwaka huo huo, na hadi leo inasimuliwa kwamba alipokamatwa aliuliza mbona hawamfuati yule mkubwa. Mkubwa gani, sanamu haisemi. Kila ukumbusho wa mji huu una kitu kimoja ulichokizuia mdomoni, na daima ni kile ambacho kingemgharimu mtu.

Halafu ikaja Juni 2024.

Sitarudia habari za Mswada wa Fedha uliowatoa vijana barabarani kuandamana, mlikuwepo. Ninachokumbuka zaidi ni jambo dogo ambalo wakati ule sikulipa uzito. Vijana wale hawakuwa na kiongozi, na walijivunia hilo. Lakini mtu wa kwanza alipouawa, hawakusema "mwandamanaji mmoja ameuawa" kama tulivyozoea kusema sisi wa miaka ya Saba Saba na ya baada ya uchaguzi wa 2007. Walitaja jina. Kabla gazeti halijachapwa, picha yake ilikuwa mikononi mwa watu, umri wake, shule aliyosoma, alichopenda kula. Aliyefuata, vivyo hivyo. Orodha zilizunguka kwenye simu, zikirekebishwa kila saa: huyu jina lake limeandikwa vibaya, dada yake anasema ni hivi. Huyu yuko hai, yuko hospitali fulani, mfuteni. Tarehe 7 Julai wakakusanyika Uhuru Park kuwakumbuka kwa muziki. Kufikia mwisho wa mwaka Tume ya Taifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu waliouawa 60. Lakini kwa vijana, hesabu haikutosha. Walitaka kila mmoja aitwe.

Sisi wazee tulilalamika kwamba wanageuza msiba kuwa mambo ya mtandaoni. Niliandika hivyo mimi mwenyewe, na leo naona nilikosea. Walikuwa wanaziba pengo lililo kwenye lile jiwe la Kenyatta Avenue. Bila kumsoma Kipling walishajua ahadi yake ina kasoro gani: imewaachia watoto kazi ya kukumbuka, na wenye kalamu wakanyamaza.

Upande wa pili wa barabara mambo yaligeuka. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inataka askari aliyevaa sare awe na jina lake au nambari yake mahali panapoonekana. Tuliyaona wenyewe mwaka ule na uliofuata: wanaume wasio na sare, nyuso zimefunikwa, magari yasiyosomeka nambari. Mahakama Kuu ikaagiza mwaka huo huo wa 2024 kwamba askari wanaopelekwa kwenye maandamano wavae sare na wasifiche utambulisho wao. Nyuso ziliendelea kufunikwa.

Fikiria safari ya neno askari katika barabara moja. Mwaka 1928 alinyimwa jina na wakubwa wake, na huo ulikuwa udhalimu kwake. Mwaka 2024 anaomba asiwe na jina, na hiyo ni silaha yake. Kule kufichwa kulikomfuta babu ndiko kunakomlinda mjukuu dhidi ya mahakama. Katikati yao amesimama soja wa benki, ambaye hakunyimwa wala hakuomba. Hakuna tu aliyemuuliza.

Nimesoma mapendekezo ya watu wanaotaka sanamu ile iondolewe. Siyaungi mkono, na sababu zangu si za kumpenda Kipling. Ukiiondoa utaondoa ushahidi. Wengine wanataka majina yaongezwe, kuta zijengwe kuizunguka, kila mpagazi aandikwe kadiri atakavyopatikana. Hilo ningelipenda, ingawa najua zabuni ingeenda kwa nani, na najua kabisa bamba la uzinduzi lingekuwa na jina la gavana kwa herufi kubwa kuliko mengine yote. Angalia mabamba ya vyoo vya umma mjini.

Lakini pia nafikiria kwamba majina yale hayakupotea kabisa kama tunavyodhani. Kwetu Ukambani, kama ilivyo kwa Wakikuyu na wengine, mtoto hurithi jina la babu yake. Jina linashuka, linazungushwa, linaitwa asubuhi mtoto akichelewa kuamka. Bibi yangu alikuwa akisema tuna babu mmoja "aliyechukuliwa na Kariako", hakurudi. Hakujua alifia wapi, Tanganyika au njiani. Jina lake alilijua kwa sababu lilikuwa la mwanawe, na sasa ni la huyu mpwa wangu mwenye barua ya atachi. Nilipomwambia hivyo pale chini ya sanamu, alimtazama mpagazi kwa muda, kisha akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia sina karatasi. Nina bibi tu.

Tukavuka barabara kwenda ofisini. Mlangoni kulikuwa na soja wa makamo, sweta ya kampuni, redio kiunoni. Hakututazama usoni, alilisukuma daftari. Mpwa wangu akaandika jina lake lote, lile la babu likiwa la mwisho, kwa mwandiko wa polepole wa mtu asiyetaka kukosea siku ya kwanza. Nikaandika langu. Halafu, kwa kuwa mambo ya asubuhi yalikuwa bado yananizunguka kichwani, nikamuuliza.

"Na wewe mzee, unaitwa nani?"

Akaacha kuchezea redio. Akanitazama kwanza mimi, akamtazama kijana, akatazama nyuma yetu kama kuna mtu mwingine tuliyekuja naye.

"Kwani nimefanya nini, boss?"

"Hapana, hujafanya kitu. Nilitaka tu kujua."

"Kama kuna shida zungumzeni na supavaiza, yuko hapo ndani." Alikuwa ameshika kola ya sweta, pale ambapo kitambulisho kingening'inia, na kidole chake kilikuwa kimekifunika.

Nikamwambia hakuna shida kabisa. Akaligeuza daftari upande wake, akalisoma, akalirudisha mbele yangu na kunionyesha kwa kalamu kisanduku nilichokiruka.

"Hujaandika saa ya kuingia."